Feni Zisizosikika

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na mama. Goti lako linaendeleaje? Na yule kuku wako mgomvi bado anamfukuza shemeji uani? Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini wewe simu huijibu kwa spika hata ukiwa sokoni, mama hakai mbali nawe, na masikio yake unayajua. Kwa hiyo hii isome peke yako kwanza, tafadhali.

Nianze na kompyuta, maana kisa chote kimeanzia hapo. Unajua kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mikutano ya watu na kuandika kila neno wanalosema, hapa hapa nyumbani. Sasa feni za kompyuta zilikuwa zimechoka, zinanguruma kama mashine ya kusaga. Wifi yako alikuwa akiniuliza kama unga uko tayari. Mama naye, kwa vile nampigia kwa kompyuta hiyo hiyo, alilalamika kila siku kuwa mimi ananisikia kwa mbali na mjukuu wake hamsikii kabisa. Juzi juzi mteja akanirudishia kazi nzima, imejaa mapengo pale niliposhindwa kusikia. Nikasema basi.

Nilikwenda kwa fundi mmoja ambaye duka lake ni dogo hivi kwamba mteja wa pili husubiri nje. Alinionyesha kwanza feni zinazowaka taa za rangi rangi. Nikamwambia sifungui disko. Akacheka, akanieleza kuwa feni pana inayozunguka polepole hupoza sawasawa na ndogo inayokimbia, bila makelele yake. Tena akasema kelele nyingine si za feni hata kidogo, ni bati la kasha linalotetemeka, hivyo feni nizifunge kwa vipande vya mpira badala ya skrubu. Alizima redio yake, akaniwashia moja moja karibu na sikio. Moja ilikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu, tukaikataa. Mwishowe nikachukua mbili pana, nyeusi, ambazo ilibidi uzitazame ndipo ujue kuwa zinazunguka. Fundi akasema watu wangu wa nyumbani watanishukuru. Nikaitikia kuwa ndiyo, watashukuru.

Nilizifunga mwenyewe. Nilipowasha, dada, nilidhani nimekosea waya. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia friji. Nikasikia bomba la jikoni likidondosha maji, nami sijui limeanza lini. Baada ya hapo hapakuwa na kingine cha kusikia. Nilikaa pale na bisibisi mkononi, mpweke kuliko nilivyowahi kuwa.

Jioni, saa za kupika, nikampigia mama kwa majivuno, nikamuuliza kama sasa ananisikia. Akasema mimi ananisikia vizuri sana. Kisha akauliza mbona hasikii sufuria, wala maji, wala mtoto. Nikamwambia wametoka mara moja. Kesho yake nikamwambia wamelala. Jua halijazama, dada, nami nasema wamelala! Mama hakubisha.

Sasa nikwambie ukweli. Wifi yako ameondoka, na binti yetu amekwenda naye. Ni tangu kabla ya mvua. Hakuna aliyemtukana mwenzake wala kumwinulia mkono. Tulichokana tu, akapanga chumba karibu na shule ya mtoto. Mtoto namwona Jumapili. Niliwaficha kwa sababu mama anampenda wifi yako kama aliyemzaa, na sikuwa na moyo wa kumvunja. Ule mngurumo ulikuwa ukinisaidia kudanganya, nami nikaenda kuuondoa kwa pesa yangu mwenyewe. Cheka, nimekuruhusu.

Lakini nadhani mama ameshajua. Tangu siku ile haniulizi tena habari zao. Tukimaliza kuongea husema ana kazi zake, ila nisikate, kisha huiweka simu juu ya kabati la vyombo na kuendelea. Namsikia akikatakata vitunguu. Nakusikia wewe ukigombana na kuku, na shemeji akitafuta miwani ambayo najua iko kichwani mwake. Feni hazina neno, kwa hiyo nawasikia nyote. Sahani yangu naiweka hapo hapo mbele ya kompyuta, nakula nanyi.

Habari za wifi yako nitamwambia mama mwenyewe wiki hii, nawe ukae karibu naye. Nisalimie shemeji sana. Halafu dada, nina ombi moja tu. Wewe huingia jikoni, ukaiona simu kabatini, ukasema mama siku hizi anasahau kuzima, ukaikata. Juzi nilikuwa sijafika hata nusu ya sahani. Usiikate, tafadhali. Mama hasahau.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba