Tundu la Mguu wa Kushoto

Maganga, Mnyamwezi wewe,

Usitegemee nianze kwa shikamoo. Hukunizidi hata masika moja, na kutangulia kaburini hakumpi mtu ukubwa. Nakuandikia nikiwa kazini kwangu, pale pale kwenye baraza la duka la Mwarabu karibu na stesheni, baisikeli moja tu mbele yangu, nayo ni yangu mwenyewe. Wateja wamehama. Nitakueleza kwa nini, maana ni wewe uliyewahamisha.

Hii ni wiki ya saba tangu utuache. Walisema ni kichomi. Ulitoka bwawani asubuhi ya kipupwe, soksi zimelowa chepechepe, vidole vya miguu vimekufa ganzi, ukakohoa siku tisa, ya kumi ukakata roho. Kabla udongo haujakauka, Kwihara nzima ilikwisha kata shauri: Maganga ameuawa na suruali ya mpira inayovuja. Na suruali hiyo alikuwa akiiziba nani? Mgogo. Mimi.

Kilichonitesa si maneno yao. Kilichonitesa ni kwamba hata mimi niliyaamini.

Nilikumbuka siku ulipoileta mara ya kwanza. Bwana Samaki, yule Mzungu wa serikali aliyemwaga vifaranga vya perege bwawani, alikuwa amekukabidhi lile vazi la ajabu: suruali na viatu vimeungana, mpira mtupu kutoka nyayo hadi kifuani, na kanda mbili za kupitisha mabegani. Kazi yako ilikuwa kuingia nayo majini na kukokota wavu, ili yeye awapime samaki wake wanavyokua. Wewe ukaona uivae sokoni kwanza, jua la saa saba, jasho linakutiririka, unanesa kama bata. Nilikuambia umefanana na gunia la chumvi lililoota miguu. Ukanijibu, "Mgogo, kwenu mvua mnaisikia kwa majirani. Utajuaje vazi la majini?"

Ndivyo tulivyoishi. Babu zangu waliwatoza babu zako hongo ya vitambaa kila msafara wao ulipokatiza Ugogo na pembe za ndovu mabegani, na sisi wajukuu tukarithi utani. Miaka yote hiyo sidhani kama tuliwahi kuambiana neno jema mbele ya watu.

Wiki ya tatu ukaja nayo begani. Inavuja, mguu wa kushoto, karibu na kifundo. Nikaisugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikaiacha ikauke kidogo kama inavyotakiwa, nikabandika kiraka cha tyubu na kukikandamiza kwa chuma usiku kucha. Nilidhani ni kome wa bwawani wamekukata. Baada ya siku kumi ukarudi. Mguu ule ule, mahali pale pale, chini kidogo. Nikaziba. Ukarudi tena. Safari hiyo nilikivuta kile kiraka kwa meno mbele yako kikagoma kubanduka, na bado ukasema kwa sauti ili wenye baisikeli wote wasikie, "Mkono wa fundi huyu ni wa kuchungia mbuzi." Nilicheka, lakini ndani iliniuma. Utani huuma pale mtu anapojitilia shaka mwenyewe.

Halafu ukafa.

Nilikuja msibani na shughuli yangu mkononi. Unajua kazi ya mtani: nilikuwa nimejiandaa kuingia kaburini mwako nilale humo, nikatae kutoka mpaka wanipe jogoo, niseme udongo huu ni mzuri mno kwa Mnyamwezi. Nilikwisha vua viatu. Mkeo akaja mpaka ukingoni. Miaka yote ananiita shemeji. Siku ile akaniita fundi. Alisema, "Fundi, usiguse. Viraka vyako vimetosha."

Watu wote walisikia. Nikavaa viatu vyangu. Umezikwa bila mtani, Maganga, umezikwa kimya kama mtu asiye na kwao, na mimi nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka hapo, nyuma ya wanawake wenye mitungi ya maji.

Tangu hapo sikuwa mtu. Nikiziba pancha naizamisha tyubu kwenye karai mara tano, mara sita, natafuta povu ambalo halipo. Wenye baisikeli wakanitazama, wakaona fundi mwenyewe haamini kazi yake, wakaenda kwa yule kijana wa Kipalapala. Siwalaumu.

Siku chache kabla ya arobaini akaja Shija, mume wa binti yako Kalunde. Bwana Samaki amempa kazi yako. Suruali ni ile ile, serikali haina nyingine, na imeamriwa izibwe kabla Shija hajaingia majini. Nikanyoosha mkono niichukue. Akasitasita. Akasema mama mkwe wake ametaka nikaizibe nyumbani kwenu, siku ya arobaini, mchana, mbele ya watu wote. Alikuwa na haya hata ya kunitazama. Hakumaliza maneno ya mama mkwe wake lakini nilimlazimisha, akayamalizia: "Amesema isije ikaua wa pili."

Nilienda, ningefanyaje? Nisingeenda, ningekuwa nimekiri.

Uani kwenu kulijaa. Wazee wa upande wako kwenye viti, akina mama wanapakua ugali na mboga ya nsansa, na suruali yako imetandazwa juu ya mkeka utadhani maiti mwingine. Nikaitundika kwa kanda zake kwenye boriti ya ghala. Nikaomba maji ndoo mbili, nikamimina moja kila mguu. Kisha nikachuchumaa kungoja. Mkeo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

Mguu wa kulia, mkavu. Wa kushoto, viraka vyangu vitatu vimepangana kama vifungo vya shati. Nikatazama cha kwanza. Kikavu. Cha pili, kikavu. Kwenye cha tatu nikaona tone linakusanyika, linanenepa, linaanguka. Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Si hilo hapo!" Mtu mwingine akaguna. Nikasema moyoni, basi, nimemuua Maganga.

Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa mpira. Tone halikutoka kwenye kiraka. Lilitoka chini yake, upana wa vidole viwili. Nikapapasa. Mwiba hutoboa duara. Mpira uliochoka hupasuka na kuacha kingo za kuchanikachanika. Tundu hili lilikuwa limenyooka, safi, limefumba kama mdomo wa mtu asiyetaka kusema. Lilikuwa upande wa ndani wa kifundo, mahali ambapo kome hafiki wala jiwe. Hili ni la kisu, Maganga. Na papo hapo nikajua hata yale matatu niliyoyafunika yalikuwa ya kisu.

Nikakumbuka Malagarasi. Mimi na wewe, vijana, tunakwenda Uvinza kutafuta chumvi, mtumbwi umejaa maji katikati ya mto na wewe umenikaba shingo kwa mikono miwili, macho yamekutoka, unapiga kelele, "Yatobolewe pa kutokea! Yatobolewe pa kutokea!" Ulitaka tutoboe mtumbwi ili maji yatoke. Mwenye mtumbwi alikuzaba kofi ndipo ukanyamaza. Tulipofika ng'ambo ulinishika mkono, ukasema nikimwambia mtu utanichinja. Sikumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe niliacha kulikumbuka.

Sasa nimechuchumaa uani kwenu na naona kila kitu. Ulikuwa ukiogopa ile suruali ijae maji ikuzamishe, kwa hiyo kila nilipoziba ulikwenda nyumbani ukaitoboa tena. Ukayakatia maji mlango wa kutokea. Mlango wa kutokea ndio wa kuingilia, Mnyamwezi wee! Mtoto wa kuchunga ndama angekuambia.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema na ningekuwa huru. Ningesema: tazameni, ni kisu, ni chake mwenyewe. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini nikawaona wale wazee wako, nikamwona Kalunde na mtoto mgongoni, na Shija anayekwenda kufanya kazi yako. Ningesimama huru, na wewe ungelala hapo Kwihara unaitwa mwoga aliyejiua kwa kisu chake. Nikasimama. Sikujua nitafanya nini mpaka nilipokuwa nimekwisha kulifanya.

Niliyamwaga maji, nikaivaa suruali yako.

Nikatembea kama wewe, ule mwendo wako wa kutanguliza tumbo. Nikafika kwenye beseni la kunawia mikono, nikaingiza kidole, nikakitoa mbio. Mtu mmoja akacheka. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikachomoa kisu cha uwongo kiunoni, nikainama, nikajitoboa kifundo kwa adabu kubwa, huku nayaambia maji kwa sauti yako, "Karibuni ndani, na mlango wa kutokea huu hapa." Uani kukaripuka. Yule mzee wa "si hilo" alicheka mpaka akashikiliwa. Wakasema, Mgogo ana uwongo huyu! Niliyasema yote, Maganga, yote kama yalivyokuwa, na hakuna aliyeamini hata neno, maana ni mtani anayesema.

Mkeo hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kisu chako cha kuparia samaki, akaja mpaka nilipo, akakiweka kwenye kiganja changu kana kwamba ananipa cha kukatia tyubu. Alinong'ona, "Nilikuwa nakisikia kikinolewa alfajiri. Sikumwuliza." Kumbe naye alikuwa na mzigo wake, akautua mgongoni kwangu kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Kisha akapaza sauti watu wasikie: "Shemeji, karibu ule."

Nikala. Nilikuwa sijala vizuri kwa siku arobaini.

Kwa watu wengine mimi bado ni fundi aliyemuua Maganga kwa kiraka kibovu. Mkeo alitaka kuwaeleza, nikamkataza. Waache. Mgongo wa Mgogo umezoea jua.

Lakini kulikuwa na Shija. Jioni ile, kabla sijaondoka, nilimvuta pembeni nikamwuliza kama anajua kuogelea. Akacheka. Nikamwuliza tena, akaangalia chini. Nikaiziba suruali kwa kiraka cha ndani na cha nje. Nikamkatia mkanda mpana wa tyubu ya lori, wa kujifunga kifuani juu ya suruali, ubane hasa, ili hata akianguka maji yasipate pa kupita. Na nikanunua kamba.

Jumatatu nilifunga kazi, nikaenda bwawani. Bwana Samaki akaniuliza fundi baisikeli anatafuta nini pale. Nikamwambia nakagua kazi yangu. Shija akaingia na wavu, kamba kiunoni, ncha yake mkononi mwangu. Magotini. Kiunoni. Kifuani. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kutoka ukingoni. Akateleza. Nilimwona kichwa kinakwenda chini, mikono imeachia wavu, na maji yakafunga juu yake. Nilivuta, Maganga. Sijawahi kuvuta kitu namna ile. Nilikuwa napiga kelele jina lako badala ya lake, na Mzungu akanishika kiuno akavuta pamoja nami. Akaibuka, anakohoa, ananitukana kwa Kinyamwezi.

Tulimvua suruali pale pale kwenye nyasi. Nikainama nikamshika miguu. Soksi zilikuwa kavu. Nilizishika zile soksi nikalia mbele ya Mzungu, na sikujali.

Sikiliza basi, kwa sababu hili ndilo nililokuandikia. Nina hasira na wewe. Ungeniambia. Usiku wowote tuliokunywa pamoja, asubuhi yoyote uliyokaa hapa ukinikejeli mkono wangu, ungesema tu: Mgogo, naogopa maji. Ningekucheka. Ningekucheka sokoni, ningekucheka stesheni, ningewaita abiria wa treni wakucheke na wao. Wiki nzima ungekosa pa kupita. Na wiki ikiisha ningekukatia mkanda na kushika kamba yako, na leo ungekuwa hai. Mimi mtani wako. Aibu yako ungempelekea nani mwingine?

Lala, Mnyamwezi. Kaburi lako nimelipalilia, na nililala juu yake kidogo mchana wa jana, mkeo akanitoa kwa jogoo, kwa hiyo hilo deni limekwisha. Siri yako itabaki kuwa kichekesho changu. Nitaisema kila harusi na kila msiba, na hawataiamini kamwe.

Na Shija hataingia majini bila mkono wangu kwenye kamba. Jana alikuja mwenyewe hapa barazani, akasimama mbele ya watu wawili wenye pancha, akasema, "Mzee, leo twende wote. Mimi naogopa."

Nilimcheka mpaka nikatokwa na machozi. Kisha nikachukua kamba.

Mgogo wako