Swali Nililomuuliza Elia

Alhamisi, Unyambwa. Desemba imeingia na mvua bado. Tangu asubuhi mawingu yanajikusanya upande wa Ikungi, upepo unakuja unayatawanya, tunabaki na vumbi letu. Moyo wangu nao hauko sawa. Naandika leo hii hii, kabla sijapata muda wa kujitetea.

Leo amekuja mama Elia kutoka Issuna. Amekuja na jogoo wa kunishukuru.

Nieleze kuanzia mwanzo, maana ni wachache wanaojua nilikokuwa mwezi uliopita.

Nilikuwa Ujerumani, kwenye mji wa zamani ambao umekua kukizunguka chuo kikuu chake. Chuo hicho kilikuwa kinatafuta mwalimu wa kufundisha Kiswahili kwa wanaoanza. Kwa kuwa wanatumia kitabu changu, waliniomba niwe msaili wa nje. Wasailiwa walikuwa watatu. Wawili waliitwa asubuhi, wa tatu akapangiwa saa tisa alasiri. Katikati tulipewa saa nne za kupumzika, nikatoka kuutazama mji.

Nilisimama kwenye ngazi za maktaba yao nikiongea na mke wangu kwa simu, kwa Kinyaturu, kwa sauti ya mtu anayeamini hakuna anayemwelewa. Kijana mmoja aliyekuwa anapita akasimama ghafla. Akasubiri nimalize, kisha akainama.

"Shikamoo baba. Baba ni wa Singida mjini au wa kwetu Issuna?"

Nilimjua palepale. Picha yake ilikuwa kwenye faili langu. Alikuwa Elia, msailiwa wa saa tisa.

Yeye hakunijua.

Kanuni ya usaili ni nyepesi, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine. Msaili akikutana na msailiwa kabla ya wakati, anajitambulisha na kwenda zake. Ni sentensi moja. Sikuisema. Nilikuwa na siku tano sijaitwa baba na mtu yeyote, na baridi ilikuwa imenifika kwenye mifupa. Nikamwitikia, nikampa simu amsalimie mke wangu. Wakacheka wote wawili kama watu waliolelewa nyumba moja.

Alinipokea mkoba. Alivua skafu yake ya sufu akanizungushia shingoni, akasema mzee wa Singida akifa kwa baridi yeye hatakuwa na pa kuuficha uso wake.

Tulitembea sana. Mitaa ya mji ule imetandikwa mawe, nyumba zimeinamiana. Alinipeleka kuona jela ya chuo. Zamani, nieleze, vyuo vya kule vilikuwa na mahakama zao na jela zao, na mwanafunzi mlevi au mgomvi alifungwa humo siku kadhaa huku akitoka kwenda darasani. Kuta zote zimejaa majina na sura zilizochorwa kwa masizi ya mishumaa. Nilimweleza haya yote kwa kirefu, ingawa yeye ndiye mwenyeji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, kwetu wangefunga walevi namna hii," akasema, "jela ingekuwa kubwa kuliko chuo."

Tukaingia mahali pa kunywa supu. Hapo ndipo aliponiambia ana usaili alasiri, na kwamba anaogopa jambo moja. Tangazo la kazi lilisema mwenye uwezo wa kusoma maandishi ya zamani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, atafikiriwa zaidi. Yeye aliandika kwamba anaweza.

"Nilitia chumvi, baba. Nasoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakiniwekea karatasi ile mezani, nimekwisha."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kazi yenyewe ni ya kufundisha wanaoanza, hakuna atakayemuuliza hilo.

Hayo nilimwambia. Nilikuwa nakunywa supu aliyoninunulia.

Saa tisa mlango ukafunguliwa. Aliponiona nimekaa upande wa wasaili, uso wake uling'aa. Hakushtuka hata kidogo. Alifikiri amepata mtu wake.

"Kumbe baba!" akasema.

Mwenyekiti, mama wa makamo anayekijua Kiswahili vizuri, akanigeukia. "Mnafahamiana?"

"Hapana," nikajibu.

Skafu yake ilikuwa bado shingoni mwangu.

Niliivua nikaiweka mapajani, chini ya meza. Nilihisi wote wananitazama wakiwaza kwamba mzee kutoka Afrika amekuja kumbeba kijana wa kwao. Ilipofika zamu yangu ya kuuliza, nilitoa nakala ya barua ya zamani niliyoazima maktaba, nikaisukuma mbele yake.

"Tusomee mistari mitatu ya mwanzo."

Wale wawili wa asubuhi sikuwapa karatasi ile. Wala sikuwa nimepanga kumpa yeyote. Mimi nilisoma herufi hizo madrasa nikiwa mdogo, kwangu ni jambo jepesi. Yeye aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akalipata. Akalipata la pili. La tatu likamshinda. Kidole kikabaki pale pale. Ningeweza kusema inatosha. Nilisubiri. Watu husifu subira yangu, na siku ile niliitumia kumtesa. Hatimaye akainua macho, akanitazama mimi peke yangu, akasema, "Siwezi."

Kazi alipewa mwingine. Kwenye taarifa waliandika kwamba maombi yake hayakuwa ya kweli. Hilo haliwezi kupingwa, na ndiyo maana hakuna atakayenilaumu.

Elia alimwambia mama yake mambo mawili tu, kwamba amekosa kazi, na kwamba mmoja wa wasaili alikuwa mzee wa Unyambwa aliyekaa naye kama mwanawe. Ndiyo sababu ya jogoo.

Mama wa watu alikaa kwenye ukingo wa kiti. Ameacha shamba halijapandwa. Baada ya salamu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, wewe ulikuwemo mle ndani. Mwanangu aliharibu wapi?"

Swali hilo ndilo linaloninyima amani hata sasa. Nilikuwa na jibu la kweli, tena fupi. Nikamwambia, "Hakujiandaa, mama Elia." Kisha nikaeleza. Nilieleza muda wa nusu saa, habari za ushindani, habari za vijana kujiamini kupita kiasi, habari za kuandika usichokijua.

Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Utusamehe, mwalimu," akasema. "Amekuaibisha mbele za watu."

Alipoondoka, mke wangu alibaki amesimama mlangoni. "Yule aliyenisalimia kwenye simu," akaniuliza, "ndiye asiyejiandaa?" Jogoo amefungwa nje, mke wangu amekataa kumchinja.

Saa kumi na moja umeingia ujumbe wa Elia. Naunakili kama ulivyo.

"Shikamoo baba. Mama amenipigia njiani, amenigombeza sana. Nimekubali kwamba sikujiandaa. Tafadhali usimwambie mengine. Ninyi mtakutana misibani na harusini, mimi niko mbali."

Nimeusoma mara nyingi. Ninatafuta kebehi ndani yake, sijaipata.

Kwa hiyo kesho ninakwenda Issuna na basi la kwanza. Nitamwambia mama yule nikiwa nimesimama uani, kabla hajanipa kiti. Nikishakaa, nitaanza kueleza.