Jina la Leokadia Kwenye Matangazo ya Kanisani

Nyabiyonza, Alhamisi, Desemba 1954

Mvua imenyesha tangu asubuhi, nami nimerudi nyumbani na matope mpaka magotini. Nina hasira. Afadhali niimwage hapa kwenye daftari kuliko kesho niwamwagie watoto wa darasa la pili, ambao hawajanikosea kitu.

Leo asubuhi Mwalimu Mkuu alitusomea barua anayoipeleka misheni, ya habari za shule yetu kwa mwaka huu. Kwaya ya wavulana imesifiwa. Shamba letu la maharage limepata ngao, ile iliyokuwa ikichukuliwa na shule ya jirani kila mwaka mpaka wakaizoea kama mali yao. Na mwisho kabisa, kwa sauti ya kujivuna: kwa mara ya kwanza msichana wa shule hii amefaulu mtihani wa darasa la nne na kuchaguliwa kwenda shule ya kati ya wasichana, ya bweni. Walimu wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba msichana huyo, Leokadia, haendi. Juzi alinirudishia fomu ya kujiunga na shule hiyo ikiwa tupu, kwa sababu baba yake amekataa kutia kidole gumba. Na fomu hiyo lazima iondoke Jumamosi na lori la kahawa liendalo Bukoba, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Mwalimu Mkuu akaikunja barua yake, akaitia kwenye bahasha. "Mwalimu," akasema, "kufaulu amefaulu. Hilo hakuna wa kulifuta."

Ndivyo alivyosema. Kwake yeye habari imekwisha. Mtoto aende asiende, mstari umeshaandikwa na misheni watausoma wakinywa chai. Nilitoka ofisini bila kuaga, maana ningebaki dakika moja zaidi ningesema maneno ya kunirudisha kwetu Muleba na sanduku langu kichwani.

Sasa niandike lile ambalo sikulisema pale ofisini.

Aliyeharibu ni mimi.

Matokeo yalinifikia Ijumaa iliyopita jioni. Mtu mwenye akili angefanya nini? Angekwenda Jumamosi nyumbani kwa Ta Bernado, yaani Mzee Bernado, baba yake Leokadia, akaketi, akapewa kahawa ya kutafuna, akauliza hali ya migomba na ya ng'ombe, kisha ndipo aseme lililomleta. Habari ya mtoto huanzia kwa mzazi wake. Hata mtoto mdogo wa huku anajua hivyo, na mimi si mgeni, kwetu ni vilevile.

Mimi nilichukua karatasi nikaandika: Leokadia binti Bernado, wa kwanza katika wasichana wa wilaya nzima. Nikampa mwinjilisti wetu aisome Jumapili kanisani, wakati wa matangazo. Naye akaisoma, maskini, kwa furaha, baada ya kusoma majina ya wachumba wawili na ya wale watakaobatizwa Krismasi.

Ta Bernado ni Mkatoliki. Yeye na nyumba yake nzima. Leokadia anasoma kwetu Walutheri kwa sababu shule yetu iko karibu, ng'ambo tu ya bonde, na baba yake alikubali kwa sharti kwamba mtoto atafundishwa kusoma na hesabu, basi. Jumapili ile alikuwa kwenye misa huko kwao. Aliporudi akawakuta majirani kwenye njia ya shamba lake wakimwambia, "Ta Bernado, jina la binti yako limetangazwa kwa Walutheri."

Jina la msichana hutangazwa kanisani kwa mambo mawili tu. Anaolewa, au anabatizwa. Mzee wa watu alisimama pale na kofia mkononi, hajui ni lipi kati ya hayo mawili amefanyiwa mtoto wake bila yeye kuambiwa. Na ile shule ya bweni nayo ni ya Walutheri. Kwa hiyo wakati fomu inamfikia, alikuwa ameshaamini kwamba tunamchukua binti yake kwa mafungu. Kwanza jina, sasa mwili.

Haraka haraka haina baraka. Nimewafundisha watoto methali hiyo mara ngapi?

Leo baada ya masomo nikavuka bonde kwenda kwake, na hasira niliyokuwa nayo kwa Mwalimu Mkuu nikaibeba mpaka huko. Hilo nalo lilikuwa kosa. Nilimkuta Ta Bernado amekaa mlangoni. Nikasema shikamoo nikiwa nimesimama wima, kama ninavyomwamkia mkaguzi. Kwetu mwanamke humwamkia mzee akiwa amepiga magoti. Niliacha tangu nilipotoka chuo cha ualimu, nikijiambia kwamba mwalimu ni mwalimu. Alinijibu marahaba bila kuinua macho.

Hakunipa kahawa. Kikapu kidogo cha kahawa kilikuwa hapo pembeni mwake, nilikiona, na mkono wake haukusogea.

Nikaanza kueleza. Nikasema kutangaza kule kulikuwa kwa heri. Nikasema binti yako ana akili, usimfunge. Nikasema mengi, na sauti yangu ilikuwa ikipanda. Yeye alisubiri mpaka nimalize.

"Mwalimu," akasema, "habari hii imepita mlangoni kwangu bila kupiga hodi. Imekwenda kwa watu wote, na mimi nimekuwa wa mwisho. Basi nendeni kwa hao wa kwanza wawatilie kidole."

Nilimchukia wakati ule. Naandika kama ilivyo. Nilimwona mtu mzima anayemzibia mtoto njia kwa sababu ya heshima yake iliyochubuka. Na hata sasa sijaacha kabisa kumkasirikia, kwa kuwa atakayelipia si mimi wala Mwalimu Mkuu wala yeye mwenyewe. Ni Leokadia, ambaye kosa lake ni kujua hesabu.

Mama yake Leokadia akamwambia binti anisindikize. Tukatembea katikati ya migomba, yeye mbele. Tulipofika mwisho wa shamba akasimama.

"Mwalimu, kwa nini ulikwenda kanisani kabla ya kuja nyumbani?"

Aliuliza taratibu, kama mtu ambaye hakuelewa somo na anaomba arudiwe. Nikamwambia nilifurahi mno. Akasema, "Ego," yaani ndiyo, akaniaga akarudi kwao. Nadhani hakuniamini, na alifanya vyema.

Ukweli ni kwamba mwaka jana Mwalimu Mkuu alisema mbele ya wazee wa kanisa kuwa wasichana wanajaza madawati tu. Nilinyamaza siku ile kwa kuwa mimi ni mwanamke peke yangu shuleni pale, na neno hilo limenikaa kooni mwaka mzima. Nilitaka asikie. Nilitaka wazee wale wa benchi la mbele wasikie, Jumapili, mbele ya wake zao. Nililishika jina la mtoto wa watu kama fimbo, nikampiga nalo mtu mwingine. Na huyo mtu hata hakuumia. Ameligeuza mstari mzuri kwenye barua yake.

Ndiyo maana nina hasira na kila mtu. Nikianza na mimi.

Kesho asubuhi na mapema nitakwenda kwa katekista wa Wakatoliki. Hatupendani mimi na yeye. Aliwahi kusema shule yetu ni mtego wa panya, nami nikamjibu vibaya hadharani. Lakini Ta Bernado anamsikiliza, na nitamwomba tuongozane. Mlangoni nitapiga magoti. Nitauma meno, lakini nitapiga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sitamwambia mzee habari za akili wala za wilaya nzima. Nitasema nimekosa, ninyamaze, nisubiri kama atanyoosha mkono kwenye kile kikapu.

Fomu nimeifunga ndani ya kitambaa isilowe. Bado ina nafasi tatu tupu: jina la mwalimu, alama ya mzazi, tarehe. Nimeitazama mbele na nyuma, na hakuna mahali panapomwuliza mwanafunzi kitu. Hapo ndipo nimeshtuka. Miaka minne nimemfundisha mtoto huyu, wiki nzima nimegombana kwa ajili yake.

Sijawahi kumwuliza kama anataka kwenda.