Msomaji Asiyevuta Pumzi

Mama, shikamoo. Baba, shikamoo. Bibi naye shikamoo yake, na Bosko amwambie kwa Kimatengo, upande wa sikio linalosikia. Mahindi ya mteremko wa juu yalikomaa vizuri? Ile mikahawa tuliyoikata matawi imebeba? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu kwenye simu tukianza tu kuulizana mtandao unakatika, ninyi mnabaki mlimani mnaita "haloo, haloo" na mimi nabaki na maswali yangu.

Baada ya salamu, mtu huandika kwamba yeye ni mzima wa afya. Hapo naparuka kwanza. Nitaparudia chini.

Bosko, mdogo wangu, najua unayesoma ni wewe, maana msomaji wa nyumba ni wewe, hata kanisani Maguu ni wewe. Nakuomba usiisome barua hii kama unavyosoma somo la kwanza siku ya Jumapili, sauti juu na haraka kama mtu anayekimbiza basi. Isome taratibu. Penye nukta, pumua. Mama akiitikia "ee", mngoje amalize kuitikia. Na mahali nilipoandika jina lako usiruke, kwa sababu barua hii imeandikwa kwa ajili yako, ila nimetaka uisome mbele ya wazazi ili usije ukaikunja mfukoni.

Uliniambia kahawa ikishauzwa utapanda gari uje huku machimboni tufanye kazi pamoja. Ukasema umesikia kwenye karasha letu kuna nafasi moja, na Baba ameanza kulainika. Nataka mjue ni nafasi gani hiyo.

Kazi yetu ni kulisha karasha. Ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yanatoka kwenye mashimo ya watu, tunayavunja kwa nyundo, tunayatia mdomoni mwa mashine, upande wa pili yanatoka unga. Unga huo ni mweupe na laini kuliko unga wa muhogo, na haukai chini. Unaingia kwenye chai na kwenye nywele, ukilala unakusubiri kwenye blanketi. Tunajifunga vitambaa puani, lakini jasho likishachanganyika na vumbi kitambaa kinakuwa udongo, huvuti kitu, basi unakishusha. Kila mtu anakishusha. Bosi mwenyewe hukaa kwenye gari, vioo vimefungwa.

Chumbani nilikuwa naishi na Yohana, Mnyasa wa Liuli, Mwanglikana. Mlikuwa mnamsikia kwenye simu akidakia salamu nyuma yangu. Utani wetu haukuwa na likizo. Nikipika maharage ananiambia, "Ninyi Wamatengo mnachimba mashimo mlimani, mnapanda maharage, halafu mnajiona mmejenga mnara." Na mimi namjibu, "Wewe kaa na usipa wako, vidagaa vyenu hivyo. Watu wa ziwani jembe mnalijua kwa jina." Anacheka hadi anashika ukuta. Mwanzoni alikuwa anashika ukuta kwa kicheko.

Yohana ndiye aliyeniingiza kwenye hadithi za kusikiliza. Simu yake ilijaa simulizi, vitabu vizima vinavyosomwa kwa sauti. Za mapenzi alizikataa. "Mapenzi nimeyaona," alisema, "angani ndiko sijafika." Alitaka zile za kisayansi tu, za watu wa miaka ijayo, vyombo vinavyokwenda kwenye nyota, mashine zinazofikiri. Baba utacheka, lakini ukishinda kutwa kwenye kelele za karasha, kusikia habari za watu walio mbali na dunia yote ni kama kunawishwa uso. Tulisikiliza moja ya watu wanaoishi ndani ya gurudumu kubwa linalozunguka huko juu, wanalima kwa mwanga wa taa, na udongo wao ukawa unachoka. Nikasema hao wangefundishwa kilimo chetu cha ngolo: mwanaume akate majani ayapange miraba, mwanamke afukie, udongo upone. Yohana akasema, "Hata angani Mmatengo atatafuta mteremko."

Sasa mjue kosa tulilokuwa tunafanya. Bibi akisimulia, sisi huitikia. Akituliza sauti tunasema "ee", na tusipoitikia anajua tumelala, anaacha hadithi hapo hapo. Kumbe kwa kina Yohana ziwani ni hivyo hivyo. Basi sisi wawili tukawa tunaiitikia simu. Bila kujua. Msomaji anamaliza sentensi, sisi "ee!", na yeye hangoji, ameshaingia sentensi nyingine, tunapoteza maneno, tunarudisha nyuma, tunaitikia tena, tunapoteza tena. Mama lishe anayetuuzia chakula alipita dirishani akasimama. "Wanaume wazima mnaitikia simu! Siku ikiwajibu mtakimbia mwache sufuria."

Kwa kosa hilo ndipo tulipoanza kuwapima wasomaji. Kulikuwa na mmoja aliyeweka kinanda chini ya kila neno, hata mtu akifunga kiatu kinanda kinalia kama kuna msiba. Mwingine alikuwa na sauti nzuri nzito, lakini akifika kwa mwanamke anaibana pua, mwanamke anakuwa kama paka aliyefungiwa mlangoni. Yohana alimzima huyo. Alisema mtu ambaye hajawahi kumsikiliza mkewe asisome vitabu.

Halafu tukampata wa tatu. Hadithi yake ilikuwa ya wachimbaji kwenye mwezi wa mbali, mahali pasipo na hewa. Hewa yao wanapimiwa na mashine, kila mtu na mtungi wake. Ilitukamata kwa sababu ni wachimbaji kama sisi. Msomaji alikuwa safi, hakosei neno, hana kinanda. Lakini kadiri tulivyosikiliza Yohana alikuwa anakunja uso. Tukafika mahali mchimbaji mmoja mtungi wake umepasuka, anazungumza na mwenzake aliye upande wa pili wa mlango. Anamwelezea mambo mengi, habari za nyumbani, habari za watoto.

"Zima," Yohana akasema.

"Mbona ndiyo imenoga?"

"Huyu anayesoma hamezi mate. Tangu jana namsikiliza. Havuti pumzi hata mara moja."

"Labda wanazikata."

"Si mtu huyo. Ni mashine imefundishwa kusoma." Akaizima mwenyewe. "Na hata angekuwa mtu. Aliyeishiwa hewa hasemi maneno marefu namna ile. Anasema mawili. Anangoja. Anasema moja." Akataka kucheka, kikohozi kikamchukua, kikamshikilia mpaka nikamshika mabega. Kilipomwachia aliniangalia akasema, "Unaona? Mimi. Ningesoma. Vizuri zaidi."

Bosko, hapo pumua.

Wakati huo alikuwa ameshakohoa msimu mzima. Zahanati walimpa dawa za kifua kikuu, akazimaliza zote kwa uaminifu, asipone. Alipopelekwa hospitali kubwa wakampiga picha ya kifua, daktari akamwambia si kifua kikuu, ni vumbi la mawe, limekaa ndani ya mapafu na hakuna dawa ya kulitoa. Alipomweleza bosi, bosi akamhurumia akampa kazi nyepesi. Kazi nyepesi ilikuwa kufagia chini ya karasha. Mimi nilipomwomba bosi amwondoe pale, aliniuliza kama nataka ufagio nimsaidie. Basi nikawa nafagia mimi na yeye anakaa mlangoni, mpaka akashindwa kufika mlangoni.

Jumapili baada ya ibada zetu, mimi kwangu na yeye kwake, tulikuwa tunakaa chumbani tunasikiliza. Baadaye alikuwa hawezi kwenda kokote, nami narudi mapema kutoka kanisani. Ndipo tulipompata yule mama. Jina lake hatukulijua. Hakuwa na sauti ya kujionyesha. Hadithi yake ilikuwa ya chombo cha zamani kinachosafiri kwenda kwenye nyota ya mbali sana, watu wote wamelazwa usingizi ndani ya masanduku, na mwanamke mmoja ameachwa macho awalinde. Mtambo wa hewa unaharibika, mzee mmoja anaamka kabla ya wakati wake, na yule mlinzi anakaa naye.

Mama huyo alikuwa anapumua. Tulimsikia. Penye uzito alitulia, na utulivu wake ulitosha "ee" moja kamili. Kwa mara ya kwanza tuliitikia bila kupoteza neno. Yohana aliegemea magunia, kwa sababu kulala chali alishindwa, akasikiliza sana, kisha akasema, "Huyu. Amewahi. Kuuguza mtu."

Kuanzia siku hiyo hakutaka msomaji mwingine. Na hakutaka tumalize haraka. Kila Jumapili kipande, kama mtu anayelamba asali kwa kidole.

Jumapili ya mwisho ilikuwa mchana, jua kali, watu nje wanacheza bao na mama lishe anawagombeza kwa kumwaga maji karibu na jiko lake. Yule mama alifika mahali ambapo mzee aliyeamka anamuuliza mlinzi, "Tumefika?" Hapo akatulia, kama kawaida yake. Nikaitikia, "Ee." Nikaisikia sauti yangu ikiwa peke yake. Nikageuka. Yohana alikuwa amefumbua macho, anaangalia mlango, na kifua kimesimama.

Simu iliendelea kusoma. Sikuizima mara moja. Sikujua kama kuizima ni heshima au kuiacha ni heshima. Mama lishe ndiye aliyeingia, akaizima, akamfunga kidevu kwa khanga yake.

Tumemzika hukuhuku, nyuma ya machimbo. Kumpeleka ziwani hatukuweza, na bosi alisema marehemu hakuwa na mkataba. Mvua ikikaa siku chache bila kunyesha, kaburi linakuwa jeupe kama sisi.

Sasa Bosko, ile nafasi moja uliyoisikia ipo kweli, aliyekuambia hakukudanganya. Ni ya Yohana. Bosi anatafuta kijana mwenye kifua kipana. Kifua chako nakijua, nilikuona ukipandisha mfuko wa mbolea kutoka bondeni bila kutua. Usikilete huku. Baki na Baba. Msimu wa majani ukifika myakate pamoja, mpange miraba, Mama na dada Kolumba wafukie. Najua kahawa inakuchosha na bei inakuvunja moyo. Ivunje moyo. Moyo unaunganika. Na Baba, kama ulikuwa umekubali nusu, naomba nusu hiyo uirudishe.

Barua hii anaileta Nestori wa Mpepai, anarudi kuvuna kwao. Amebeba pia memori ya simu ya Yohana. Hiyo ni ya mama yake Yohana, Liuli. Mama, nakuomba ushuke ziwani umpelekee wewe mwenyewe, na maharage, na ukae naye hata siku mbili. Aliambiwa kwa simu tu, na mtu asiyemjua. Akikuuliza mwanawe alikufaje, usimfiche kwamba aliumwa. Mwambie alikuwa anasikiliza.

Kabla memori haijaondoka, Bosko iweke kwenye simu yako. Msikilize kwanza yule asiyevuta pumzi, halafu yule mama. Usikilize mpaka mwisho, maana mimi tangu siku ile sijaweza kuendelea, sijui kama chombo kile kilifika. Usiniambie kwenye simu. Utanisimulia mdomo kwa mdomo, nami nitaitikia.

Nisalimieni dada Kolumba na kwaya yake, mwambieni nausikia wimbo wake nikiwa naosha nguo. Mjomba Thadei wa Litumbandyosi, fundi wangu wa kwanza wa kunoa jembe, mwambieni lile aliloninolea nalikumbuka kuliko nyundo yoyote ya huku. Shangazi Eufrasia aniombee, yeye rozari hailali. Bibi mwambieni tumekutana na mwanamke mmoja anayejua kusimulia karibu kama yeye. Karibu tu.

Narudi sasa pale juu nilipoparuka. Nimemaliza kuandika, nikatoka nje nikaisoma barua yote kwa sauti nisikie kama inasomeka, kama tulivyokuwa tunawapima wale wasomaji. Nilipofika kwa Yohana na mlango, nilikaa juu ya dumu la maji. Mama lishe akaniona akasema, "Lia baba, kulia si aibu." Sikuwa nalia, Mama. Nilikuwa naitafuta pumzi ya kumalizia sentensi.

Wewe usije, Bosko. Nestori amenishikia kiti kwenye gari la baada ya lake. Nakuja mimi.

Ni mimi mwana wenu,
Otmari