Mlio wa Mbuzi

Kakuma, Machi 1996

Kaka Manyok,

Mama mzima, anakusalimu sana. Kaka, redio yetu ya Morse, ile ya kutumia nukta na mistari, imepona! Fundi Ebenyo ametuletea kipimo chenye kioo kutoka Lodwar. Nikibonyeza, tunaona mawimbi yenyewe! Ule mlio wangu uliokuwa ukiyumba kama mbuzi tumeunyoosha. Sasa kila nukta inatoka safi, hata wenzetu wa redio walioko Nairobi wamenisifu.

Ila tangu siku hiyo hujanijibu redioni. Mama anafikiria vita vya huko uliko, hali chakula. Mimi nimemwambia hapana, Manyok hajanitambua tu kwa mlio huu mpya. Basi nimemwomba Ebenyo auharibu tena ule mlio. Amenitazama sana, halafu amekubali.

Jumapili jioni fungua redio. Ukisikia mbuzi analia, jibu, ni mimi.

Mdogo wako,
Atem