Teke Nililomnyima Binti wa Watu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Katindiuka tuko salama, bibi yako kashinda shambani anafukuza ndege wa mpunga.

Wewe unayesomea tiba ya mazoezi ya viungo umeniuliza mguu wangu wenye goti la bandia ulipataje nguvu kwa siku moja. Haukupata. Siku ya kwanza niliketi kitandani, binti anayenifanyisha mazoezi akaniamkia, akapiga magoti mbele yangu na kushikilia kipimo cha nguvu kwenye muundi wangu. "Babu, sukuma kwa nguvu zote," akasema. Sasa nitampigaje teke mtoto wa watu aliyetoka kuniambia shikamoo? Nilisukuma kidogo tu. Akaandika kwamba mguu ni dhaifu.

Kesho yake hakukishika. Alikifunga kipimo kwa mkanda kwenye chuma cha kitanda, akasimama pembeni. Nikasukuma mpaka kitanda kikalia.

"Kumbe babu nguvu unazo!"

"Hata jana nilikuwa nazo," nikamwambia. "Ila jana mbele yangu ulikuwepo wewe."

Alicheka, akafuta alichoandika.

Nawe ukianza kuwapima wazee wa huko, tafuta mkanda wa kufungia kipimo. Na wao walilelewa kwa adabu.

Babu yako