Maelezo ya Shahidi Kuhusu Nguo Zilizoanuliwa Mbele ya Kamera

Shahidi: Mama Pindo, kama mtaa mzima unavyomjua
Umri: miaka 54
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya pili kutoka bombani

Nimekuja kwa hiari yangu na nina akili timamu, ingawa mume wangu ana maoni yake.

Mtaani kwetu tuna desturi: mvua ikinukia, aliye karibu anaanua nguo za wote. Humwulizi mtu. Unazikunja, unakaa nazo, mwenyewe anazifuata na soga mnapiga. Miezi mitatu iliyopita baiskeli iliibwa, ofisi ya mtaa ikafunga kamera kwenye nguzo. Tuliambiwa kikulacho ki nguoni mwako. Tangu hapo kila mtu na mikono yake mfukoni. Hata ndoo ya jirani ikianguka, unaipita. Nilichukia, nasema wazi.

Mnamo Jumamosi, saa tisa alasiri, nilikuwa nashona kibarazani. Jua linawaka, ila nyuma ya paa wingu limeshatanda. Niliinuka, nikaitazama kamera, nikakaa. Fundi Viatu, jirani tunayepakana naye ukuta, hakukaa. Aliingia uani kwa dada muuguzi, mpangaji mpya aliyekuwa kazini, akazoa sare zake zote, na za ndani pia, akakimbilia kwake. Mzee yule ana goti bovu. Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Mvua ikamwagika papo hapo.

Dada muuguzi alirudi jioni, akakuta kamba tupu. Desturi yetu hakuijua, maana hakuna aliyemwambia. Ofisi ya mtaa wakamwonyesha picha: mwanamume, jua kali, nguo mikononi, mbio. Wakaikata hapo, kabla ya tone la kwanza. Afande, dalili ya mvua ni mawingu, na kamera ile inatazama chini.

Akaja kushtaki kwenu, nanyi mlimkuta mzee nazo zimekunjwa mezani, anamsubiri mwenyewe. Alisema, "Nimeanua tu, wanangu." Mkamwambia akaeleze kituoni. Mtu aliyetushonea viatu vya shule vya watoto wetu amelala sakafuni humu. Imeniuma sana.

Kama kuanua ni wizi, niandikie na mimi, nimeanza tangu nikiwa bibi harusi. Na wale waliojaa hapo nje wamekuja kujisalimisha kwa kosa hilohilo. Dada muuguzi yumo; amekwisha kulia, sasa anataka kuomba radhi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu mawili. Nimesomewa, nami nimeyakubali.

Sahihi: Mama Pindo

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa nami Jumapili, saa nane mchana. Mlalamikaji ameondoa malalamiko, mtuhumiwa ameachiwa. Alipotoka alipokelewa kwa vigelegele. Akawatazama majirani mmoja mmoja, akatazama wingu lililotanda juu, akauliza, "Sasa kama nyote mko hapa, nani kabaki na nguo?" Hakuna aliyesubiri kuaga.